Kumzoeza Simbilisi Mahali Pake pa Haja

Leo twataka kusema nanyi habari za mnyama mdogo ajulikanaye sana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, naye ni simbilisi. Katika habari zake zote tumechagua moja tu, ile iletayo maneno mengi nyumbani kuliko zote, yaani habari ya mavi na mkojo wake. Aliye mezani saa hii na atuwie radhi. Lakini mfugaji hana budi kuyasema mambo haya waziwazi, kama vile mkulima asemavyo habari za samadi bila kuona haya.

Swali tuulizwalo mara kwa mara, na watoto wa shule hata na wazazi wao, ni hili: Je, simbilisi aweza kuzoezwa kwenda haja mahali pamoja, kama paka? Jibu letu ni kwamba mkojo wake, kwa sehemu kubwa, waweza kuwekwa mahali pamoja. Na mavi yake yaweza kupunguzwa kutapakaa, lakini hayawezi kukomeshwa kabisa. Mtu akuambiaye kwamba simbilisi wake hawaangushi hata kidonge kimoja nje ya choo chao anakufanyia mzaha. Naye asemaye kwamba hakuna liwezalo kufanywa, huyo hajapata kukaa kitako akawatazama.

Kwanza tumjue mgeni wetu huyu. Simbilisi si mnyama wa asili ya Afrika. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru, Bolivia na Ekuador. Wenyeji wa huko walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita kwa ajili ya nyama yake, na hata leo katika vijiji vingi vya Peru hukaa jikoni pamoja na watu. Waspania walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 16 walimchukua mpaka Ulaya, na huko akawa mnyama wa kupendwa na watoto, kisha akawa mnyama wa majaribio ya wataalamu wa tiba. Baadaye akaletwa na kwetu. Mikoani Iringa na Njombe hufugwa katika nyumba nyingi kwa nyama, kwa mbolea, na kwa fedha kidogo. Na watu wa Kivu, katika Kongo, ambao humwita dende, humfuga vile vile. Wengine humwita pimbi, lakini jina hilo si lake, maana pimbi hasa ni mnyama wa majabali, na wala hawana udugu. Simbilisi ni wa jamii ya wanyama watafunao, kama panya na nungu.

Sasa tazameni jambo moja. Katika nyumba nyingi ng'ombe ni wa baba, na kuku ni wa mama, lakini simbilisi ni wa mtoto. Mtoto asiyeweza kununua mbuzi aweza kupata simbilisi wawili, dume na jike, akawalisha majani ya kandokando ya njia. Jike huchukua mimba kwa siku 59 hata 72, na watoto wake huzaliwa wenye manyoya, macho yakiwa wazi. Hata mwaka usijapita mtoto yule ana kundi lake, na akiuza wawili au watatu hupata daftari na kalamu. Basi siku mama mwenye nyumba achokapo na uchafu na kuamuru wanyama wale watolewe, anayepata hasara ni mtoto. Ndiyo maana twaona si jambo dogo kujua jinsi ya kuwaweka simbilisi bila kuharibu nyumba.

Ili kumzoeza mnyama, yatupasa kwanza kujua desturi yake mwenyewe. Paka ni mwindaji. Huyafukia mavi yake, na kwa sababu hiyo ukimwekea mchanga mahali fulani huenda mwenyewe, wala hatuna sifa ya kumfundisha. Simbilisi ni mla majani, tena ni windo la wengine. Jamaa zake wa porini huenda makundi makundi katika nyasi ndefu, wakipita katika vijia walivyovifanya kwa kupitapita, na mavi yao huanguka papo hapo walipo. Jua hukausha, mvua hulowesha, nyasi huota. Hawana haja ya choo, na hawakurithi choo kwa mababu zao.

Tena simbilisi hula karibu wakati wote, mchana na usiku, kwa vipindi vifupi vifupi. Majani ni chakula kigumu kusagika, na tumbo lake halina budi kusukuma daima. Akiingiza mbele, nyuma hutoka. Kwa siku moja aweza kuangusha vidonge mia na zaidi, navyo humtoka hali akitembea, pasipo yeye kujali. Liangalieni neno hili, kwamba hula na kunya kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndilo msingi wa yote tutakayoyasema mbele.

Tena kuna mavi ya namna mbili. Viko vidonge vigumu mnavyoviona sakafuni. Na viko vingine laini ambavyo huvila yeye mwenyewe, akiinamisha kichwa chini ya tumbo na kuvipokea kabla havijaanguka. Mtoto amwonaye hivyo asimzuie wala asimchukie. Chakula chake hupita tumboni mara mbili, na katika mara ya pili ndipo apatapo vitamini na lishe ambayo isingaliweza kupatikana mara ya kwanza. Ni kama ng'ombe acheuavyo, ila kwa njia nyingine.

Lakini kwa habari ya mkojo, simbilisi ana desturi iliyo afadhali. Hapendi kukojoa mahali peupe penye mwanga. Hutafuta pembe yenye giza, au chini ya kitu kimfunikacho, au pale alalapo. Na akiisha kupachagua hurudi papo hapo kwa sababu ya harufu yake. Mfugaji mwangalifu akizichunguza pembe za banda asubuhi ataona moja au mbili zimelowa sana, na nyingine ni kavu. Pembe ile iliyolowa ndiyo choo alichokichagua simbilisi mwenyewe, na kazi yetu yaanzia hapo.

Pengine mtu atasema, "Haya yote ya nini? Ni mnyama tu, acha alowe." Msikilizaji, tafadhali jishushe ukapige magoti mbele ya banda lisilosafishwa kwa juma moja, uweke pua yako pale ilipo pua ya simbilisi, yaani sentimita tatu au nne juu ya sakafu. Utapambana na harufu kali ichomayo macho. Ni amonia, itokayo katika mkojo uliooza. Mtu mzima asimamaye huiona kidogo, lakini simbilisi huivuta usiku na mchana. Huudhoofisha utando wa pua na mapafu yake, na hapo ugonjwa wa mapafu hupata njia. Na ugonjwa huo huwaua simbilisi kwa haraka sana. Tena sakafu iliyolowa huleta vidonda katika nyayo zao, ambavyo huwa vigumu kupona. Na manyoya ya nyuma yakilowa mkojo na mavi, wakati wa joto nzi huja kutaga, na funza wakaanza kumla mnyama angali hai.

Hatari nyingine ni yetu sisi wenyewe. Simbilisi aweza kuwa na vijidudu vya salmonela, vile vinavyomharisha mtu na kumtia homa, naye asionekane mgonjwa. Wakiachiliwa jikoni, mavi yao huanguka karibu na ungo, kinu, na chungu cha maji. Na mtoto mchanga atambaaye hutia mkono chini kisha mdomoni. Kwa hiyo mama alalamikaye juu ya simbilisi jikoni halalamiki bure. Ana haki, na twamwunga mkono.

Haya, sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ni kutazama. Kabla hujanunua kitu wala kupiga msumari, watazame simbilisi wako siku nne au tano. Kila asubuhi na jioni angalia ni pembe gani iliyolowa, ni wapi mavi yamerundikana, na ni wapi wapendapo kulala. Mwanafunzi na aandike katika daftari lake. Mkiwaweka katika banda jipya, msiweke choo siku ya kwanza kwa kubahatisha. Waacheni wachague kwanza.

Jambo la pili ni chombo. Chombo chafaa kiwe na ukingo mfupi, kwa kuwa simbilisi ana miguu mifupi na si mrukaji. Ukingo wa sentimita tano upande wa kuingilia watosha, na kwa watoto wake uwe chini ya hapo. Dumu la plastiki la lita 20 lililochakaa, likilazwa na kukatwa ubavu mmoja, hutoa chombo kizuri sana, kisichopata kutu na kilicho rahisi kuosha. Debe la bati nalo laweza kufaa. Lakini makali yake ni lazima yakunjwe na kupigwa nyundo barabara, la sivyo yatawakata tumboni wapandapo. Chombo kiwe kipana, simbilisi aingie mzima na kugeuka humo. Na kwa kuwa hawa ni wanyama wapendao kwenda pamoja, kwa wanne au watano afadhali vyombo viwili. Msifanye chombo cha nyavu za waya chini, kwani waya huumiza nyayo.

Jambo la tatu ni mahali. Chombo kiwekwe katika pembe ile ile waliyoichagua wao. Hapa ndipo wengi wapoteapo. Huweka chombo mahali panapomridhisha mwenye nyumba, kisha hulalamika kwamba simbilisi ni wajinga. Ndani yake tandaza nyasi kavu, kiasi cha kufunika mkono. Kisha chukua nyasi chache zilizolowa mkojo pamoja na vidonge kadhaa, uvitie ndani. Harufu yake ndiyo itakayowaita. Na pembe nyingine za banda zioshwe vizuri, zikaushwe, ili zisiwaite vile vile. Zikionekana alama nyeupe ngumu kama chokaa, ni chumvi za mkojo wao. Pakeni siki au maji ya ndimu, mngoje kidogo, kisha msugue na kusuuza.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni chakula. Tulisema kwamba simbilisi hula na kunya kwa wakati mmoja. Basi hori ya nyasi itundikwe juu ya chombo, kwa namna ambayo simbilisi hawezi kuifikia ila amesimama ndani ya chombo chenyewe. Hori yaweza kuwa kikapu kilichochakaa, au vijiti vilivyofungwa kwa kamba. Hivyo atakuja mwenyewe mara nyingi kwa siku, atakaa, atatafuna, na sehemu kubwa ya vidonge itaangukia humo. Zile nyasi za kula zisikanyagwe wala zisilale chini penye mkojo. Na zikibaki kavu juu, hakuna ubaya wowote. Wako watu waonao vibaya kukiweka chakula karibu na choo. Kwa mwanadamu maneno yao ni kweli, lakini tukimlazimisha simbilisi kufuata adabu ya mezani kwetu hatutafika popote. Maji na majani mabichi yawekwe upande mwingine.

Jambo la tano ni giza. Funika sehemu ya juu ya pembe ile kwa ubao au gunia, pawe na kivuli. Simbilisi aonaye kwamba amefichika hutulia. Asiyetulia hukimbia akikojoa popote.

Jambo la sita ni usafi wenye kiasi. Kila siku ondoa nyasi zilizolowa, utie kavu, lakini ubakishe chache zenye harufu, hasa katika majuma ya kwanza. Mara moja kwa juma chombo kioshwe kwa maji na sabuni, kisha kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Anayeosha na aoshe mikono yake kwa sabuni baadaye, wala maji yale yasimwagwe karibu na kisima.

Jambo la saba ni upole. Ukimwona simbilisi ametumia chombo, mpe jani moja alipendalo, mathalani kipande cha hoho au jani la kiazi kitamu. Lakini majani ya viazi mviringo msimpe kamwe, maana yana sumu. Mwite kwa sauti ile ile kila mara, naye atazoea upesi. Simbilisi hujua sana sauti ya amletaye chakula, na hulia kwa furaha amsikiapo. Lakini akikojoa kando, usimpige, usimfokee, wala usimsukume pua yake katika mkojo. Mnyama awindwaye na kila mwenye meno hajui maana ya adhabu. Ajua maana ya hofu tu. Atakuganda kama jiwe, au atajificha asionekane, na yote uliyomzoeza yatapotea. Futa pale palipolowa, osha, nyamaza.

Kazi hii huchukua majuma kadhaa, wala wote hawatakuwa sawa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na kweli watoto wa simbilisi wamfuatao mama yao chomboni hujifunza bila taabu. Lakini hata wazee huzoea, kwa sababu hatuwafundishi jambo jipya, twaifuata desturi yao. Jueni pia kwamba mkiingiza simbilisi mgeni, au mkihamisha banda, alama za mkojo zitaanza tena huku na huku, hasa kwa madume, ambao hujitangazia nchi yao kwa njia hiyo. Subirini, mkaanze tena kwa kutazama.

Neno kidogo juu ya matandiko. Mahali penye viwanda vya mbao, kama Mafinga na Njombe, maranda ya misonobari, au mipaina kama wengi waiitavyo, hupatikana kwa urahisi, na wafugaji huyapenda kwa kuwa hunyonya maji vizuri. Lakini maranda mabichi ya miti hiyo yana mafuta yenye harufu kali idhuruyo mapafu. Yasitumiwe ila yamekaushwa kabisa hata harufu yake imekwisha. Unga wa mbao, ule laini kama vumbi, usitumiwe kamwe, huingia puani na machoni. Udongo wa choo cha paka uuzwao madukani mjini usiwekwe pia, kwani simbilisi huonja kila kitu, na udongo ule hugandamana ukipata maji, hata tumboni. Nyasi kavu safi, isiyo na ukungu, ni afadhali kuliko vyote, na haina bei. Chini yake mwaweza kutandika magazeti ya zamani.

Ili msidhani kwamba twasema mambo ya vitabuni tu, tutawasimulia habari ya mwanafunzi mmoja tuliyemjua, wa kijiji cha upande wa Njombe. Alikuwa na simbilisi tisa, wakikaa jikoni kwa mama yake, wakizungukazunguka kati ya mafiga na kuni. Nao hawakuwekwa humo bila sababu, maana Njombe ni nchi ya baridi, na mwezi wa Juni na Julai simbilisi walalao nje ovyo hufa. Siku moja mama alikuta vidonge ndani ya ungo wa unga.

"Mwanangu," akasema, "jiko langu limekuwa zizi. Ukifika mwisho wa mwezi, wauze hawa, au wapeleke kwa bibi yako."

"Mama, nipe huo mwezi nijaribu kuwaweka vizuri," kijana akajibu.

"Jaribu, lakini si humu nipikiamo."

Kijana akatujia. Tukamwambia asinunue kitu, atazame kwanza. Akatazama siku tano, akaona kwamba katika jiko zima pamelowa mahali pawili tu, nyuma ya kuni na chini ya kichanja, penye giza. Akajenga banda dogo upenuni, akiliegemeza katika ukuta ule ule ambao ndani yake kuna moto wa jiko, ili lipate joto. Akalijaza nyasi nyingi kavu kwa ajili ya usiku. Katika pembe ya ndani, ya giza, akaweka dumu lililokatwa, na juu yake akatundika hori ya vijiti. Madume akawatenga, akabakisha mmoja pamoja na majike.

Juma la kwanza halikuwa la kujisifia. Kulikuwa na mkojo katika kila pembe, kwa kuwa banda lilikuwa geni kwao. Juma la pili pembe moja tu nje ya chombo ndiyo iliyokuwa ikilowa. Akahamisha kile kisanduku cha kulalia kilichokuwa hapo, akaosha kwa maji ya ndimu, nayo ikakauka. Mwezi ulipokwisha mama akaja, akainama, akanusa.

"Mavi bado yapo," akasema.

"Yapo, mama, lakini ni makavu. Nafagia asubuhi na jioni."

Mama akachukua kidonge kwa jani, akakivunja. "Basi hayo uyafagiayo niletee bustanini," akasema, akaenda zake. Simbilisi hawakuuzwa. Lakini jikoni hawakurudi tena, na kijana hakuomba warudi.

Tumepata pia kusikia mashauri mengine, na mengine yana hatari. Wako wasemao kwamba simbilisi apunguziwe majani mabichi, ili asikojoe sana. Msifanye hivyo. Simbilisi, kama mwanadamu, hawezi kujifanyia vitamini C mwilini mwake. Asipoipata katika majani mabichi hushikwa na kiseyeye. Viungo humwuma, fizi hutoka damu, huacha kula, hufa. Ni kwa simbilisi waliolishwa nafaka tupu kwamba wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walionyesha mwaka 1907 kuwa ugonjwa huo hutokana na upungufu wa chakula. Wengine hunyima maji. Na huo ni ukatili, tena huleta mawe katika kibofu. Kama mkojo ni mwingi, ongezeni nyasi kavu chini, na chombo kingine.

Faida nyingine ya chombo ni kwamba humwambia mfugaji habari za afya. Wakinya popote, nani atajua nani ameharisha? Lakini atazamaye chombo kila asubuhi huona upesi. Vidonge vyema ni vigumu kiasi, vya urefu kama punje ya mpunga iliyonona au zaidi, vyenye sura moja. Vikiwa vidogo mno na vikavu, labda maji au nyasi hazitoshi. Vikiwa laini na vyenye uvundo, pana ugonjwa. Mkojo mweupe kama maziwa kidogo ni wa kawaida kwao, ila ukiwa na mchanga mchanga au rangi ya damu, bwana mifugo aulizwe. Na simbilisi asiyekula wala kunya kwa siku nzima asingojewe kesho, kwa sababu tumbo lake likisimama, maisha yake yamo hatarini.

Na yale yaondolewayo chomboni yasitupwe. Mavi pamoja na nyasi zenye mkojo yarundikwe katika shimo au chungu ya mboji, yafunikwe kwa udongo na majani, yageuzwe mara kwa mara, yaachwe miezi miwili au mitatu hata yaoze na kupoa. Kisha yatiwe katika matuta ya mchicha, kabichi au maharagwe. Msiweke mavi mabichi katika mboga zitakazoliwa bila kupikwa, kwa ajili ya vile vijidudu tulivyovitaja. Nyumba iliyo na simbilisi kumi na chombo kimoja cha kukusanyia hupata mbolea ambayo nyumba yenye simbilisi kumi waliotawanyika jikoni huifagia na kuipoteza.

Wasikilizaji wetu, muda wetu umekwisha. Twawaachia kazi ya juma hili, hasa ninyi wanafunzi. Msijenge chochote bado. Chukueni daftari, mchore banda lenu na pembe zake nne, na kila asubuhi kwa siku tano mtie alama pembe iliyolowa. Siku ya sita mtajua pa kuweka chombo. Wazazi nao, kabla ya kuamuru simbilisi watolewe, twawaomba wampe mtoto mwezi mmoja, na wamwonyeshe mahali pa kujenga banda nje ya jiko. Kwaherini.